Onja Kitambaa Kabla ya Kukikata

Juma lililopita nilipokea ujumbe wa dada mmoja wa Malindi anayesoma maandishi yangu. "Bi. mshonaji," aliandika, "nataka kushona mikoba ya matanga ya mashua kama yako, na nina akiba kidogo. Ninunue cherehani ya umeme au ya miguu?" Nilimjibu kwa maneno mawili, "Ya miguu," nikaiweka simu kando na kurudi kazini. Usiku ule sikupata raha. Swali lake ndilo nililowauliza watu wengi nilipokuwa naanza, na kila mmoja alinijibu habari za cherehani, asitokee hata mmoja wa kuniambia habari za maji. Angalitokea, ningaliokoa mikoba 60, tanga zima, na nusu mwaka wa uchungu ambao, nikisema kweli, haujanitoka wote.

Nilianza kama walivyoanza wengi. Serikali ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, Agosti 28, 2017, kwa tishio la faini ya hadi shilingi milioni 4, watu wa mtaa wetu wa Langoni, hapa Lamu, walivirudia vikapu vya miyaa, nami nikaketi kwenye cherehani ya marehemu mama yangu nikashona mifuko ya vikoi na leso kuukuu. Miaka miwili ya mwanzo nitaipita, kwa kuwa haina hadithi: ni mishono iliyopinda, zipu zilizokwama na mashangazi walionunua kwa huruma.

La kukumbukwa ni moja tu. Mwaka 2019 niliagizwa vipochi 40 vya kugawiwa akina mama katika harusi, na kwa kuwa rangi iliyotakiwa ilipatikana katika leso ya namna moja tu, nilinunua ile yenye jina "Hasidi hana sababu", nikaazimia kulikwepa jina na kukata mji, yaani sehemu ya kati, na pindo peke yake. Kitambaa kikapunguka. Vipochi vinne vya mwisho nilivikata palipokuwa na maandishi, nikidhani yataingia ndani ya mkunjo. Mkunjo ukameza "hana sababu" ukaacha "HASIDI" likisomeka wazi juu ya kifuniko. Kimoja kikamwangukia mama wa bwana harusi. Mpaka leo tukikutana njiani huniamkua huku akiitazama mikono yangu, kama kwamba nimembebea kingine.

Baada ya hapo nikaingia kwenye matanga. Tanga la mashua zetu ni la pembe tatu, na lile la asili hushonwa kwa marudufu, kitambaa kizito cha pamba ambacho jua na upepo hukilainisha mpaka kikawa na rangi ya chai ya maziwa iliyopoa. Tanga likichoka, nahodha hulikunja akaliweka darini, na huko ndiko nilikokuwa nikiyafuata. Mikoba yake ilipendwa upesi. Mji wetu wa kale umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2001, na mgeni aliyesafiri kuja kuuona hutaka kurudi kwao na kitu ambacho hakikuletwa kwa kontena. Kiraka alichokishona baharia kwa shazia, ile sindano kubwa ya matanga, alama ya kamba, hata doa la mafuta ya sifa yanayopakwa vyombo, vyote hivyo mgeni huvishika kwa vidole viwili na kuuliza, nami nina majibu.

Desemba 2022 duka moja la Malindi likaniagiza mikoba 60, kwa mali kauli, yaani wauze kwanza ndipo wanilipe. Sikulala kwa furaha. Nikapata tanga kutoka kwa nahodha mmoja wa Matondoni, kubwa na zima, likaletwa mpaka mlangoni kwa punda, na lilipofunguliwa uani likaujaza uwanja wote na kupanda ukutani.

Ilikuwa kaskazi, na ukame wa miaka ile ulikuwa haujatuachia. Maji matamu ya visima vya Shela tulikuwa tukiyanunua kwa mitungi, na kuosha tanga zima kwa maji ya kununua kungalikula faida yote niliyoihesabu usiku nikiwa kitandani. Kisima cha uani kwetu kina maji, ila ni ya chumvichumvi. Tunaogea na kufulia, hatunywi. Nikajiambia kwamba kitambaa hakina ulimi. Nikaliosha tanga kwa maji ya kisima mara moja, tena kwa sabuni ambayo haikutoa povu, nikalianika, na siku ya pili nikaanza kukata.

Ushonaji wenyewe ulikuwa mzuri, na sitajinyima haki yangu. Nilitumia sindano namba 18 na mshono mrefu kuliko wa nguo, kwa sababu mshono mfupi huyafanya matundu ya sindano yakaribiane kama ya stempu, na mkoba ukijazwa vitu vizito hupasuka papo hapo. Kazi kubwa iko kwenye pembe za chini, mahali ambapo upindo, ukanda na kitako hukutana na vitambaa kufika vinane, kimoja juu ya kingine. Hapo cherehani hukataa. Nilikuwa nikiilaza kila pembe juu ya kinu kilichopinduliwa na kuipigapiga kwa nyundo mpaka ilale, kisha naisugua kwa kipande cha mshumaa, naondoa miguu kwenye pedali na kulizungusha gurudumu kwa mkono, tundu baada ya tundu, nikisikiliza. Sindano ikiingia vizuri hutoa sauti nzito, kama mtu anayekata tikiti maji. Ikitoa sauti kali, simama, inataka kuvunjika. Pembe 120 nilizimaliza kwa sindano 9 tu, na fundi yeyote anayesoma hapa ataijua maana yake. Ndani nikatia bitana ya kikoi, juu zipu za chuma zenye rangi ya dhahabu, kwa kuwa niliambiwa zinaupa mkoba heshima.

Mwanzoni mwa Machi 2023 mizigo ikavuka kwa boti mpaka Mokowe, ikapanda basi kupitia Witu na Garsen, ikafika Malindi salama. Mwenye duka akaniandikia kwamba ni kazi ya kupendeza. Ujumbe huo niliwatumia jamaa zangu wote, hata wasiouliza.

Masika yakaingia. Katikati ya Mei kijana wa boti akaniletea boksi lile lile. Hakukuwa na barua ndani wala simu iliyotangulia. Juu ya boksi kulikuwa na neno moja kwa kalamu nyekundu, HAIUZIKI. Nililifungulia kwenye daka la mlangoni, mbele ya jirani, jambo ambalo ningelirudia ningefanya ndani. Harufu iliyotoka ilikuwa ya ufuoni maji yanapokupwa. Mikoba ilikuwa na unyevu, ingawa hakuna aliyeimwagia maji. Meno ya zipu yalikuwa yameshikana kwa kutu, na kila zipu ilikuwa imechora mstari wa rangi ya udongo juu ya kikoi cheupe. Waliuza 7, 53 nikarudishiwa.

Kwa muda wa wiki tatu nilimlaumu kila mtu. Nilimlaumu aliyeniuzia zipu, nikalilaumu basi, nikamlaumu mwenye duka kwamba aliipanga mikoba kwenye chumba kisicho na dirisha, na kuhusu hilo la mwisho bado ninaamini nilikuwa na haki kidogo. Mtu akikuandikia "kazi ya kupendeza" mwezi Machi, mwezi Mei anaweza kukupigia simu. Kile kipande cha boksi nimekihifadhi. Kipo nyuma ya kioo changu.

Aliyenifumbua macho ni mzee mmoja wa mtaani, aliyeshona matanga tangu ujana wake mpaka macho yalipomkatalia. Nilimletea mkoba mmoja barazani nikitarajia ausifu mshono, nikamwelekeza zile pembe. Hakuzigusa. Aliinua ncha ya ukanda, akaitia mdomoni, akaitafuna polepole kama mtu aonjaye mchuzi, kisha akageuka akatema.

"Mwanangu," alisema, "umeshona chumvi."

Nikamwambia kwamba niliosha. "Kwa maji yapi, mwanangu?" Nikamwambia ya kisima. Alinyamaza, akaomba kikombe cha maji asukutue, kisha akasema kwa Kiamu chake, "Tanga haliangaliwi kwa mato, laonjwa."

Alinieleza jambo ambalo mtoto wa pwani angepaswa kulijua. Chumvi huvuta unyevu kutoka hewani. Wakati wa kaskazi hewa ni kavu, nayo hulala ndani ya nyuzi bila kumsumbua mtu. Masika yakifika huamka, hunywa unyevu, na kitambaa kikalowa chenyewe sandukuni. Tanga likiwa chomboni halidhuriki sana, kwa kuwa jua hulikausha kila siku na halina zipu wala bitana. Mimi nilikuwa nimelifunga gizani, nikalitia chuma tumboni. Na kuosha chumvi kwa maji ya chumvi ni kuongeza.

Basi dada yangu wa Malindi, nawe unayesoma ukiwa na ndoto ile ile ya kuona kazi yako dukani ikiwa na jina lako, anza na maji. Mimi sasa huyangoja ya mvua. Hutega mapipa chini ya paa, nikalowesha tanga kutwa na usiku kucha, nikamwaga, nikatia mengine, na kila asubuhi naonja ncha tatu: ya juu, ya kati na ile ya chini iliyokuwa ikipigwa na mawimbi, ambayo huwa ya mwisho kukubali. Kwa kawaida ni maji manne. Tanga moja lilinitaka maji saba. Sabuni huja mwishoni. Ikikataa kutoa povu, usibishane nayo, mwaga maji. Ndugu zangu huona kinyaa, na binti yangu hunificha marafiki zake wakija, lakini tangu mwaka ule sijarudishiwa mkoba hata mmoja.

Likikauka, shika kitambaa kwa mikono miwili na ukivute kwa nguvu. Sehemu iliyoungua na jua hupasuka kwa mlio wa karatasi. Hiyo ikate uitupe, usiifiche kwenye kitako cha mkoba ukidhani mteja hataona. Zipu iwe ya nailoni. Uzi uwe wa poliesta, kwa maana wa pamba huoza. Cherehani ya miguu inatosha, nilikwisha kusema, kwa sababu hukutii kwenye pembe na haisimami umeme ukikatika. Lakini ukiwa na cherehani bora kuliko zote za Malindi na kitambaa chenye chumvi, utashona chumvi kwa ustadi, kama mimi.

Jambo lingine, nalo naliandika nikiwa na hasira kidogo, ni huu mtindo wa kuuza taka kwa hadithi. Jahazi la Flipflopi liliundwa hapa hapa Lamu kwa plastiki iliyookotwa, likafunikwa champali, yaani ndala, zipatazo 30,000, likashushwa majini mwaka 2018 na mwaka uliofuata likasafiri mpaka Zanzibar. Tangu hapo vijana wengi wanaonijia wanaamini kwamba kitu kikishaokotwa ufuoni kimeshakuwa bidhaa. Walioliunda lile jahazi ni mafundi waliolelewa na vyombo, na lingaliingia maji, hakuna ambaye angaliisikiliza hadithi yake. Mteja atausamehe mkoba kuwa wa kuukuu, hatausamehe kunuka. Nimewaona mabinti wakiandika kadi nzuri za kueleza tanga lilikotoka, hali zipu yenyewe haifungi. Osheni kwanza.

Na siku za kuosha zitie kwenye bei. Mkoba wangu ni shilingi 2,800, na atakayesema kwamba kitambaa nilikipata bure aje aone mapipa. Mali kauli sitoi tena, hata kwa jamaa.

Mwezi uliopita lile duka la Malindi lilinipigia simu. Ni sauti nyingine, ya binti wa mwenye duka nadhani, hakulijua boksi wala mimi sikulitaja. Alitaka mikoba 20 kabla ya wageni wa Julai. Nikamtajia bei na kumtaka nusu ya fedha kwanza, akazituma siku ile ile kwa M-Pesa, nikaketi nikizitazama kwenye simu kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Nimempelekea 12. Tanga la minane iliyobaki liko ndani ya pipa, katika maji ya tatu, na leo alfajiri, baada ya sala, nimeonja ile ncha ya chini. Bado.