Bosi Mkubwa Anapomruka Bosi Wako na Kukupigia Simu

Wiki iliyopita niliandikiwa na kijana wa Mwanza. "Dada, shikamoo. Niko stoo kwenye kampuni ya usambazaji. Mkurugenzi ananipigia mwenyewe, ananiambia mzigo huu usitoke, ule utoke. Msimamizi wangu akija anakuta mambo yamebadilika, ananinunia. Juzi kaniambia nichague bosi wangu ni nani. Nifanyeje?"

Marahaba, mdogo wangu. Nilikujibu kwa kifupi siku ile, lakini jibu lenyewe halikuniridhisha. Jambo hili limenipata, na nikisema limekwisha moyoni nitakuwa nadanganya.

Nilikuwa ofisa nyaraka kwenye kampuni moja ya uwakala wa forodha pale Kurasini. Jina lake silitaji, wanaonifahamu wanaijua. Kwa wasioijua kazi hii: mzigo hautoki bandarini kwa maneno. Tamko la forodha lazima lipite, kodi ilipwe, au dhamana iwekwe kama mzigo unapita tu kwenda nchi jirani. Wakala wa meli atoe idhini yake, bandari ilipwe, ndipo lori liingie kupakia. Kila hatua ina mtu wake, na kila mtu anasubiri karatasi ya mwenzake. Mmoja akikwama wote wamekwama, na siku za bure zikiisha gharama za kuhifadhi mzigo zinaanza kuhesabiwa, uwe na sababu au usiwe nayo.

Ngazi yetu ilikuwa fupi: mimi, juu yangu mkuu wa nyaraka, juu yake meneja uendeshaji, kisha mkurugenzi ambaye ndiye mwenye kampuni. Hiyo ni kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani. Kwa vitendo, mzee alikuwa na namba za simu za watu wote mpaka mlinzi wa getini, na alizipiga. Mdogo wake, ambaye hakuwa na cheo chochote, alikuwa akiingia na kuagiza gari. Shemeji yake akipita uhasibu, malipo yanabadilika. (Mliofanya kazi kwenye kampuni za familia najua mnacheka hapo. Sisi hatukuwa tunacheka.)

Jioni moja mzee yuko Dubai, simu yangu ikaita. Tulikuwa na makontena ya vipuri yanakwenda Lubumbashi kwa kupitia Tunduma. Akaniambia faili la yule mteja nisiliguse mpaka atakaporudi, kuna deni la zamani hajalipa. Nikasema sawa mzee. Wewe ungesemaje? Mkuu wangu wa nyaraka alikuwa likizo. Meneja sikumwambia, kwa sababu watu wawili wanaokula chakula cha mchana meza moja kila siku, nilidhani wanaambiana mambo.

Hawakuambiana. Meneja alikuwa ameshamhakikishia mwenye malori kwamba Ijumaa atapakia. Malori yakalala nje. Jumamosi mteja akaja ofisini na watu wake, anapiga meza, meneja anakuja kwangu mbio: "Nani kakuambia usimamishe hili faili?" Nikasema ni mzee. Akanitazama kana kwamba nimemtukana.

Jumatatu tukaitwa kwenye kikao. Mzee, mbele ya watu wote, akasema: "Mimi nilimwambia aliangalie lile faili, sikumwambia alisimamishe." Kisha akainamia simu yake. Ilikuwa simu ya mdomo tu, sina ujumbe, sina shahidi. Nikapewa barua ya onyo, kosa likiandikwa kuwa ni kufanya uamuzi nje ya mamlaka yangu. Yule mteja alilipa deni lake na wakaendelea kufanya biashara kama kawaida. Barua yangu haikuondolewa kwenye faili. Msiniletee ile methali ya tembo na nyasi. Nyasi hazipewi barua ya onyo.

Hadi leo sioni nilichokosa. Nilitii mwenye kampuni. Kilichokosekana ni utaratibu.

Miaka iliyofuata nairuka, haina utamu: nilihama, nikasoma masomo ya jioni, nikapanda. Leo naongoza uendeshaji kwenye kampuni nyingine, malori yamo, nyaraka zimo. Nasema hivi ili mjue kwamba ninayoyasema nayatenda.

Kwenye yale masomo ya jioni ndipo nilipokutana na Daniel McCallum. Huyu alikuwa msimamizi wa reli ya New York and Erie kule Marekani miaka ya 1850. Reli ndefu, zaidi ya kilomita 700, treni zimetawanyika, na mkubwa mmoja hawezi kuziona zote. Mwaka 1855 alibuni mchoro wa nani anawajibika kwa nani, na wengi wanauhesabu kuwa wa kwanza wa aina yake katika biashara. Katika taarifa yake ya 1856 akaweka wazi kwamba mfanyakazi aongozwe na mkubwa wake wa karibu peke yake, kwa maana utii hauwezi kusimama pale ambapo mkubwa wa juu anamruka msimamizi na kuwaamrisha watu wake. Nilipoisoma sentensi ile nilifunga daftari. Mwaka 1856! Mzee wangu wa Kurasini alikuwa na simu janja na hakuwa amefika huko.

Lakini cha maana zaidi kwa McCallum ni kwamba hakuziba habari. Alitumia telegrafu ili makao makuu yajue kila saa treni ipi iko wapi. Habari zilikimbia moja kwa moja hadi juu. Amri ndizo zilizopita ngazi kwa ngazi. Na msidhani alikuwa mtu wa kupendwa, madereva wa treni walimgomea kwa ukali wa sheria zake. Hata hivyo kwenye hili la amri na habari namuunga mkono kabisa, na ndilo ninalowaambia vijana wangu kila siku: habari iruke inavyotaka, amri isiruke.

Sasa wewe wa Mwanza. Mkurugenzi akikupigia, usibishane naye kwenye simu, na usimkatalie. Mwitikie, kata simu, kisha hapohapo mwandikie: "Mzee, nathibitisha: mzigo wa fulani usitoke mpaka utakaposema. Namjulisha na msimamizi ili asije akautoa." Ujumbe wa pili mtumie msimamizi wako kabla hujagusa kitu. Ukimaliza endelea na kazi. Nimeona mara nyingi mkubwa akishaona maneno yake yameandikwa anayapunguza makali mwenyewe, au anampigia msimamizi, jambo ambalo alipaswa kulifanya tangu mwanzo. Asipojibu, una ushahidi wa saa na tarehe. Mimi ningekuwa na ujumbe mmoja tu wa namna hiyo, ile barua isingeandikwa.

Huyo msimamizi anayekununia usimnunie nawe. Hakukasirikia mzigo, amekasirika kwa sababu anaonekana hana kazi. Mfuate mkiwa wawili, mwambie: kila nikipigiwa simu nitakuandikia ndani ya dakika tano, na wewe ukiona halifai lipeleke juu wewe, si mimi. Na swali lake la nani bosi wako lina jibu rahisi. Bosi wako ni yule anayesaini likizo yako na kukufanyia tathmini.

Kuna wanaoniuliza kama kumwandikia mkurugenzi hivyo si ukaidi. Kanuni za utendaji bora za 2007, zilizo chini ya sheria yetu ya ajira ya 2004, zinautaja ukaidi mkubwa miongoni mwa makosa yanayoweza kumwachisha mtu kazi, kwa hiyo hofu yenu ina msingi. Ila kuomba amri ithibitishwe huku unaitekeleza si kukaidi. Na ikitokea umeachishwa kazi kwa jambo kama hili, usikae nyumbani ukilalamika kwa majirani. Una siku 30 za kupeleka mgogoro kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Zikipita utaanza kwa kuomba kusamehewa ucheleweshaji, na hapo siwezi kukuahidi kitu.

Kupanda juu nako kuna mahali pake. Msimamizi akikuambia ufute mzigo kwenye leja, au dereva akiambiwa ashuke mteremko wa Kitonga na breki anazozitilia shaka, mruke hapohapo. Wizi na roho za watu havisubiri ngazi. Lakini kumruka kwa sababu amekunyima ruhusa ya Ijumaa, huko ni kutafuta ubaya.

Na mwenzako wa idara nyingine, ongea naye. Mfaransa Henri Fayol, mhandisi wa migodi aliyeongoza kampuni kwa miaka mingi, aliliandika hili mwaka 1916: watu wawili wa ngazi sawa wanaweza kuvuka na kumalizana wenyewe, mradi wakubwa wao wameridhia na wanajulishwa kilichofanyika. Hilo la kujulishwa ndilo tunalolisahau. Mtu wa nyaraka na mtu wa uhasibu wanamaliza jambo kwenye korido, meneja wawili wanalisikia kwa mteja.

Ninyi wakurugenzi mnaonisoma, maana najua mpo, grupu la WhatsApp si ngazi ya uongozi. Unatuma voisi saa nne usiku kwenye grupu la watu wote, "hakikisheni hilo jambo linaisha kesho." Nani ahakikishe? Watu wote wanajibu "sawa bosi," vidole gumba vinajaa, asubuhi hakuna aliyeligusa. Taja jina la mtu, na liwe la meneja wako. Kama humwamini meneja wako, mwondoe, usimwache amekaa ofisini kama pambo huku ukiongoza watu wake kwa simu ukiwa uwanja wa ndege.

Mwezi huu mkurugenzi wetu wa sasa alimpigia dereva aliyekuwa Mikumi na mzigo wa mteja wa Tunduma, akamwambia ashushe Mbeya. Dereva akamjibu: "Sawa mzee, ila mwambie dada anitumie karatasi, mimi nimebeba ya Tunduma." Mzee akanipigia amefura, anauliza nimewafundisha nini watu wake. Nikamweleza kwamba mteja wa Tunduma ameshalipa na risiti anayo. Akanyamaza kidogo, akasema basi mwache aende. Namba za madereva bado anazo, na anawapigia karibu kila siku kuwauliza wamefika wapi. Hilo sina neno nalo.