Koilova za gari la kila siku Malindi
Ndugu uliyeuliza kama koilova ngumu za mashindano (springi na shokabu zilizofungwa pamoja, ambazo kimo chake hurekebishwa) zitaifaa Subaru Impreza unayoiendesha kila siku kati ya Malindi na Watamu, ushauri wangu ni kwamba usizinunue. Springi ngumu hupendeza kwenye lami nyororo, lakini juu ya matuta na viraka vya kwetu tairi hurukaruka badala ya kushika barabara, na mgongo wako (na wa mama watoto) ndio utakaolipa. Tafuta seti ambayo kimo chake hurekebishwa kwa kuzungusha kitako cha chini cha shokabu, si kwa kusogeza kikalio cha springi peke yake, kwa sababu hapo utaweza kushusha gari bila kuipunguzia shokabu nafasi ya kucheza. Sentimita 2 au 3 zatosha. Jambo ambalo wauzaji wa bara hawalitaji ni chumvi ya bahari: hesi za koilova zikishikana kwa kutu, ringi za kurekebisha kimo hazitazunguka tena, kwa hiyo zioshe kwa maji matamu na uzipake mafuta ya kuzuia kutu, si grisi nzito, kwani hiyo hunasa mchanga. Ukishazifunga, upime upya alaimenti (mwelekeo na mkao) ya magurudumu.