Toyota Voltz inakula oili, na fundi anasema ni Pontiac: niiuze?

SWALI: Habari za kazi, fundi. Nina Toyota Voltz ya 2003, injini ya 1ZZ, gia otomatiki, imetembea kilomita 168,000. Inakula oili kama lita moja kila kilomita 1,500, na nikikanyaga mafuta kwenye mlima moshi wa bluu unaonekana kwenye kioo. Fundi wa kwanza anataka kubadilisha valvu sili. Wa pili kaniambia hili ni gari la Kimarekani, ni Pontiac iliyobandikwa nembo ya Toyota, kwa hiyo spea hakuna na niliuze mapema. Taa ya mbele kulia nayo imepasuka, na ninatafuta rimu. Ni kweli ni Pontiac? Nifanye nini? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Fundi wako wa pili amepatia jina, lakini ushauri wake sikubaliani nao. Voltz ni Pontiac Vibe yenye usukani upande wa kulia. Iliunganishwa Fremont, California, katika kiwanda cha NUMMI kilichomilikiwa kwa pamoja na General Motors na Toyota, kisha ikapakiwa melini kwenda kuuzwa Japani kati ya 2002 na 2004. Kwa hiyo gari lako ni la Kimarekani kwa kuzaliwa. Ila injini, gia boksi na sakafu ni za Toyota Corolla ya kizazi kile. Kilichotoka Pontiac ni sura: bampa, taa, boneti, fenda na milango.

Nyuma ya ushauri kama huo mara nyingi kuna hoja kwamba Wamarekani hawajui kuunda gari. Inastahili jibu, maana ndiyo inayowafanya watu wauze magari mazima kwa bei ya kutupa. Kiwanda hichohicho cha Fremont kilikuwa cha GM peke yake hadi kilipofungwa 1982, kikiwa na sifa mbaya ya utoro kazini na magari yenye kasoro. Kilipofunguliwa tena 1984 chini ya usimamizi wa Toyota, wafanyakazi wengi walikuwa walewale na chama chao kilikuwa kilekile. Kilichobadilika ni utaratibu wa kazi: mfanyakazi alipewa kamba ya kuvuta asimamishe mstari anapoona kasoro, badala ya kuliacha gari lipite likarekebishwe mwishoni. Ubora ukapanda upesi. Ukisikia mtu analaumu taifa zima, muulize kwanza gari lilichorwa na nani na lilitoka kiwanda kipi.

Kuna mfano wa upande wa pili, na hapo fundi wako angekuwa sahihi kabisa. Kuanzia mwishoni mwa 1995 hadi 2000 Toyota iliuza Japani gari liitwalo Toyota Cavalier. Hilo lilikuwa Chevrolet kutoka Ohio, na injini yake ya lita 2.4 ni ya GM. Nembo ni ya Toyota, lakini ukifungua boneti hukuti spea hata moja ya kuazima kwenye Corolla. Hilo likikukuta kwenye mtumba, liache lipite. Voltz ni kinyume chake.

Na Pontiac yenyewe haikuwa jina la kudharauliwa. GM iliianzisha 1926, na 1964 ikatoa GTO, gari la ukubwa wa kati lililofungwa V8 ya lita 6.4 wakati sera ya GM yenyewe ilikataza injini kubwa kiasi hicho kwenye gari la daraja lile. Wahandisi wake walipitia mlango wa nyuma wakaiuza kama nyongeza ya hiari kwenye gari lao la Tempest. Wapenzi wa magari wengi huhesabu enzi ya magari ya misuli, yaani magari ya kawaida yenye injini kubwa, kuanzia hapo. Iliyoiua Pontiac ni tabia ya baadaye ya GM ya kuuza gari moja kwa majina matatu au manne, hadi mnunuzi akakosa sababu ya kuchagua Pontiac badala ya Chevrolet. GM ilitangaza kuifunga Aprili 2009, ikajitoa NUMMI mwaka huohuo, na kiwanda kikafungwa 2010. Leo ni cha Tesla.

Sasa oili. Lita moja kwa kilomita 1,500 ni nyingi, na moshi wa kwenye mlima, injini ikiwa na mzigo, unaelekeza kwenye ringi za pistoni, yaani pete zinazoziba nafasi kati ya pistoni na ukuta wa silinda. Valvu sili zikichoka dalili yake ni tofauti: moshi mwingi mara moja unapowasha asubuhi, kisha unakatika. Sili peke yake ni nadra kumaliza oili kiasi hicho. Usikubali hedi (kichwa cha injini) ifunguliwe kabla ya vipimo hivi.

Tafuta kwanza uvujaji. 1ZZ ina sehemu moja inayosahaulika: kikaza mnyororo wa taimingi, kinachoshikwa na nati mbili za milimita 10 upande wa mnyororo. Mpira wake wa duara hukauka, oili ikachuruzika ubavuni mwa injini, na watu hudhani ni gasketi ya kava la valvu. Mpira ni wa bei ndogo. Lakini fundi akikitoa kikaza lazima akirudishe ndani na kukifunga kwa ndoano yake kabla ya kukifunga kwenye injini, kisha azungushe krankshafti kidogo kwa mkono kikaza kijiachie. Asipofanya hivyo mnyororo unabaki umelegea, na unaweza kuruka jino.

Kisha toa valvu ya PCV (inayopitisha hewa chafu ya ndani ya injini) kwenye kava la juu, itikise. Inatakiwa igonge ndani. Ikiwa kimya imeganda, badilisha. Toa na plagi zote nne, uzipange kwa mfuatano wa silinda: yenye ukoko mweusi wenye unyevu wa oili inakuonyesha silinda inayokula.

Pima kompresheni (shinikizo ndani ya silinda) injini ikiwa ya moto, plagi zote nje, koili na nosheli zimechomolewa, kanyagio la mafuta limekanyagwa hadi chini. Kila silinda isipungue bar 10, na tofauti kati ya silinda isizidi bar 1. Hapa ndipo mafundi wengi hudanganyika. Kompresheni ikitoka nzuri wanasema ringi ni nzima, wanarudi kwenye sili. Kompresheni inashikiliwa isivuje na ringi mbili za juu. Oili inakwanguliwa na ile ya tatu. Kwenye 1ZZ ringi ya tatu ndiyo yenye tatizo. Nyuma yake, kwenye mfereji wa pistoni, kuna vitundu vya kurudisha oili chini. Injini za miaka ya mwanzo, tangu 1998, zilikuwa na vitundu vidogo na vichache, vikaziba kwa masizi, ringi ikanata, oili ikabaki ukutani na kuungua. Toyota ilirekebisha pistoni baadaye, na injini ya 2003 kwa kawaida ina pistoni iliyorekebishwa. Kwa hiyo kwako ninashuku zaidi oili iliyokaa muda mrefu bila kubadilishwa, na hiyo ni habari njema, kwa sababu masizi yanaweza kulainishwa.

Jaribu kuloweka kabla ya kushusha injini. Zungusha krankshafti hadi pistoni zote nne ziwe katikati ya mwendo wake. Mimina dawa ya kuyeyusha masizi ya pistoni kwenye kila tundu la plagi, kiasi cha kufunika kichwa cha pistoni, acha usiku kucha, ongeza asubuhi ikiwa imeshuka yote. Ukimaliza, nyonya iliyobaki kwa bomba la sindano, kisha piga stata plagi zikiwa nje na kitambaa juu ya matundu. Usirudishe plagi kabla ya hapo: kimiminika hakikandamiziki, na kitapinda konrodi. Mwaga oili siku hiyohiyo, maana dawa imeshuka kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini) na kuipunguza oili nguvu. Jaza 5W-30 lita 3.7 pamoja na filta mpya, washa, zima, subiri, kisha maliza kwa kijiti cha oili. Boliti ya kumwagia inachukua spana ya 14 na inakazwa kwa Nm 37 (kipimo cha nguvu ya kukaza, kwa spana ya kipimo). Wengi huikaza kwa nguvu zao zote na kuharibu nyuzi za sampu.

Baada ya hapo jaza hadi alama ya juu, andika kilomita, endesha 1,000, pima tena gari likiwa tambarare. Ikiwa ulaji umepungua kwa nusu, rudia kuloweka mara moja zaidi na ubadilishe oili kila kilomita 5,000. Usihamie oili nzito ya 20W-50 ili kuficha moshi. VVT-i ya injini hii (mfumo wa kubadilisha muda wa kufunguka kwa valvu) inafanya kazi kwa shinikizo la oili kupitia njia nyembamba, na oili nzito huchelewa kufika juu asubuhi, mnyororo ukaanza kulia.

Kuloweka kukishindikana, kazi ni kubadilisha pistoni pamoja na ringi. Ringi mpya kwenye pistoni zilezile zilizoziba hukurudisha hapa baada ya muda mfupi. Silinda zipimwe kwa geji kwanza, kwa sababu blok ni ya alumini na silivu zake za chuma (kuta za silinda) ni nyembamba. Boliti za hedi zinakazwa Nm 49 kwa mpangilio kutoka katikati, kisha nyuzi 90 kila moja. Fundi anayekaza kwa kukisia tu usimpe kazi hiyo. Njia nyingine ni injini ya mtumba: 1ZZ-FE ileile ipo kwenye Premio, Allion na Wish za lita 1.8. Nunua injini tupu, uhamishe manifoldi, throto, sensa na waya zako mwenyewe, kwa sababu baadhi ya hizo zina throto ya umeme na Voltz ya 2003 inatumia kebo.

Kwa spea nyingine, plagi, koili (namba 90919-02239), filta na pampu ya maji utazipata duka lolote la Toyota ukitaja injini, usitaje jina la gari. Miguu (saspensheni) na breki linganisha na Toyota Matrix, ndugu yake, au Pontiac Vibe ya 2003, usilinganishe na Corolla Fielder. Kwa shokapu za nyuma sema kama gari lako ni la magurudumu mawili au manne, maana miguu ya nyuma ni tofauti kabisa.

Rimu: Corolla nyingi za wakati ule zina boliti nne, 4x100 (idadi ya boliti, kisha kipenyo cha duara lake kwa milimita). Voltz ina tano, 5x100, tundu la kati milimita 54.1, tairi 205/55R16. Rimu za Premio, Allion, Wish au Caldina zenye boliti tano za 5x100 zinaingia. Za 5x114.3 zinakaribia kwa macho tu, usikubali zilazimishwe. Nati zikazwe Nm 103. Kama ni ya magurudumu manne, tairi zote nne ziwe za saizi moja na zimelika sawa, la sivyo kiunganishi cha nyuma kinapata joto na kufa.

Taa ndiyo ngumu. Voltz haikuuzwa sana, na taa ya Matrix haikai. Taa ya Vibe kutoka Marekani inakaa kwenye matundu vizuri, lakini ilitengenezwa kwa nchi wanakoendesha upande wa kulia, kwa hiyo mwanga wake unainuka kulia. Kwetu huko ndiko anakotoka mwenzako, na kurekebisha skrubu hakugeuzi umbo la mwanga. Tafuta ya Voltz iliyokatwa kutoka Japani. Bampa, boneti na fenda unaweza kuagiza za Vibe za 2003 na 2004 bila wasiwasi.

Kabla ya kutumia hela yoyote kwenye hayo, ingiza namba ya chasisi kwenye ukurasa wa Toyota Japani wa magari yaliyoitwa kurekebishwa. Vibe za kizazi hiki ziliitwa Marekani kwa ajili ya begi la hewa la Takata upande wa abiria, ambalo kemikali yake huharibika kwa joto na unyevu wa miaka mingi, na likilipuka hurusha vipande vya chuma. Kama namba yako imo, abiria akae nyuma hadi begi libadilishwe.