Nilivyoificha mbuzi ya nazi

Usiku wa kuamkia Jumapili msomaji mmoja aliniandikia: "Dada, nina mtoto wa miezi mitano. Kila nikishika kisu linanijia wazo la kumchoma. Nampenda mno. Naweza kweli kufanya? Niambie ukweli."

Nikamjibu palepale: hapana mdogo wangu, mawazo hayo huwatesa zaidi wale wasioyataka kabisa. Akashukuru. Baada ya dakika 20 akarudi: "Una uhakika?" Nikamhakikishia. Saa saba usiku: "Mbona leo nilipokishika sikuogopa sana?" Nikamhakikishia tena. Mpaka adhana ya alfajiri nilikuwa nimemjibu mara sita, na ndipo nikashtuka: nimegeuka kopo lake la udhu.

Ngoja nieleze habari ya kopo.

Mimi ni mtoto wa Tanga. Nikiwa na miaka 16, udhu wangu ulikuwa unakula ndoo nzima. Naosha mkono wa kulia mara tatu kama tulivyofundishwa chuoni kwa ustadhi wa Kurani, halafu moyo unaniambia ile ya pili haikufika kiwikoni. Naanza upya. Mkono ukikamilika, naitilia shaka nia. Naanza upya. Maji tulikuwa tunanunua ya mkokoteni, na bibi yetu hakuwa na simile: "Ndoo ya pili hiyo, unaosha maiti?" Nyumba nzima inacheka. Linaniuma mpaka leo, maana hakuna aliyevitazama vidole vyangu vilivyopauka na kupasuka kwenye maungio.

Watu wa pwani jambo hili tunalijua. Tunasema fulani ana wasiwasi wa udhu, na asili ya neno imo kwenye Suratun Nas ambayo kila mtoto wa chuoni anaisoma kwa moyo. Ustadhi wetu aliniambia yakini haiondolewi na shaka: umeosha mara tatu, inuka. Akanisimulia masahaba waliomwendea Mtume (S.A.W.) wakamweleza kwamba wanakuta nafsini mwao mambo wasiyothubutu hata kuyatamka, naye akawaambia hiyo ndiyo imani ya wazi. Nililia kwa faraja. Kesho yake nikarudi kumuuliza kama na mimi nimo. Kesho kutwa tena. Mara ya tano akafunga kitabu: "Binti, swali hili silijibu tena. Nenda kaswali hivyohivyo na shaka yako."

Nilimchukia karibu mwaka mzima. Ila udhu ulirudi kopo moja.

Miaka ya katikati naiacha. Nilisoma, nikaajiriwa Dar es Salaam, nikaolewa.

Mwanangu wa kwanza alipotimiza arobaini, nilikuwa jikoni nakata kitunguu, yeye kalala mkekani. Ghafla ikanijia picha. Sitaieleza, anayeijua anaijua. Nilikitupa kisu kama kimeniunguza. Siku hiyohiyo visu vyote vikapanda juu ya kabati, nyuma ya sufuria za shughuli. Kesho yake mkasi. Wiki iliyofuata ikawa zamu ya mbuzi ya nazi, kwa sababu ya ule ulimi wake wa chuma wenye meno. Niliisukuma uvunguni nikaifunika kanga. Mume wangu akala wali mkavu wiki tatu, kisha akauliza kwa upole, "Mama, nazi zimeadimika sokoni?" Nikasema zimepanda bei. Mtu wa Tanga mimi, naiogopa mbuzi ya nazi!

Na wazo likija, istighfari saba. Nikikatizwa ya tano, naanza moja. Kumwogesha mtoto mpaka mtu awe mlangoni.

Shoga yangu mmoja nilimweleza. Tangu siku hiyo nikimpakata mwanawe, anakuja kumchukua eti ananyonya. Mwingine, anayejiita tabibu, alikula hela yetu ya kodi kwa chupa mbili za maji ya kunyunyizia. Huyo nimemsamehe. Shoga bado.

Nilipofika kwa daktari wa akili nilitegemea ataita askari. Hakushtuka hata kidogo. Aliniuliza: "Na likija, unafanya nini?" Nikamtajia visu, mkasi, istighfari, mbuzi. Akaandika yote, kisha akayataja maradhi yangu kwa jina: OCD, yaani mawazo yanayong'ang'ania na vitendo vya kurudiarudia ili kuyatuliza. Alisema wazo lenyewe si ugonjwa: mwaka 1978 watafiti Rachman na de Silva waliwauliza watu wazima wasio wagonjwa, wakakuta wengi wao wanapitiwa na mawazo ya namna hiyohiyo. Wao linapita. Sisi tunalisimamisha, tunalihoji, tunalikoshea mikono. Mwaka 1987 Daniel Wegner aliwaambia wanafunzi wasimfikirie dubu mweupe, na kila akiwajia wapige kengele. Kengele zikalia. Walipokuja kuruhusiwa kumfikiria, walimfikiria kuliko wale walioruhusiwa tangu mwanzo. Huyo dubu ndiye kisu changu.

Basi tiba yangu ilikuwa kuvirudisha vitu mahali pake, kimoja kimoja. Wiki ya kwanza kisu droo ya juu. Kisha kukata kitunguu mtoto akiwa chumbani humohumo, hofu naipa namba, tisa kwa kumi, na istighfari ya kuhesabu marufuku. Jasho linanitoka, miguu haina nguvu, nakata tu. Nane. Saba. Siku ya kwanza ilikaa saba karibu saa nzima. Nilipewa na vidonge vya fluoksetini, na nikaonywa kwamba kwa maradhi haya huchukua wiki 10 hadi 12 kuonyesha kazi yake, kwa hiyo nisiviache wiki ya tatu nikisema havifai.

Wewe unayesoma, acha kulijibu hilo wazo. Likikuuliza "je, ukifanya?", liambie labda, kisha endelea kuosha vyombo. Usilifukuze, usilijibu. Usimgeuze mumeo kuwa hakimu wa kukutolea hukumu kila jioni. Na acheni kuogopa daktari wa akili kwa sababu watu watasema umepelekwa Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili! Mmekaa na hofu miaka kumi mnaogopa neno la jirani. Lakini kama unasikia sauti ya kukuamrisha, au umeanza kuona kumdhuru mtoto ni jambo sahihi, au unataka kujiua, acha kunisoma. Mwamshe mtu mwende hospitali usiku huuhuu, na mtoto abaki mikononi mwa mtu mwingine.

Mimi bado. Wiki iliyopita nililirudia jiko la gesi mara tatu kabla ya kutoka, nikachelewa kazini. Naliandika hapa ili msinione nimepona kwa maringo.

Turudi kwa yule mdogo wangu. Jana jioni tena: "Dada, una uhakika?" Nikamwandikia kwamba swali hilo silijibu tena, ila Alhamisi nitampeleka kliniki mwenyewe, nauli juu yangu. Akaandika: "Kumbe na wewe hunijali."

Nilikuwa nimeshaandika "hapana mpenzi, huwezi". Nikafuta. Nikaiacha simu juu ya friji, nikaivuta mbuzi, nikaikalia, nikaanza kukuna. Mwanangu, ana miaka sita sasa, alichuchumaa mbele yangu akisubiri maji ya nazi ambayo nilishamwambia ameyamaliza. Simu ikaita ujumbe. Ikaita tena.