Chumvi Haipungui, Birika Linaota Magamba

SWALI: Fundi habari za kazi. Niko Dodoma, tumechimba kisima nyumbani na baba watoto akanunua ile mashine ya kulainisha maji, mwanzo raha tupu, sabuni inatoa povu mpaka unacheka, sasa mwezi wa tatu birika limerudi kuota magamba meupe, maharage nayo hayaivi mpaka niweke magadi, na nikifunua pipa la chumvi nalikuta limejaa vilevile. Aliyetufungia hapokei simu. Ndo imekufa? – Mama Wawili

JIBU: Pole mama, haijafa. Hapo kwenye chumvi kutopungua ndo penye ugonjwa. Ndani ya lile tangi refu kuna punje za rizini zinazokamata kalsiamu na magnesiamu (ndo zinazofanya maji yawe magumu) halafu zinaachia sodiamu, zikishashiba inabidi zioshwe kwa maji ya chumvi kutoka kwenye pipa, sasa chumvi isipopungua maana yake haziogi kabisa, maji yanapita tu.

Anza na plagi. Usinicheke, kuna nyumba nilikuta imechomolewa ili mtu achaji simu, wiki ya tatu hiyo. Halafu chukua mpini wa fagio ushushe taratibu kwenye chumvi mpaka chini, mara nyingi utakuta juu imeganda kama ugali wa juzi na chini kuna uwazi mtupu, maji hayaigusi chumvi. Ivunje polepole, ukigonga kwa hasira utapasua pipa. Siku nyingine usijaze mpaka mdomoni, nusu inatosha, na nunua ya mawe iliyo safi, ile laini ya mezani inashikana haraka.

Kingine umeme. Ukikatika, taima nyingi za bei nafuu zinapoteza saa, mashine iliyopangwa kujiosha saa nane usiku inajiosha saa nne asubuhi we unafua, na wakati huo bombani yanakuja maji magumu. Rekebisha saa, kisha iwashe ijioshe kwa mkono, usifungue bomba mpaka imalize. Chumvi ikigoma tena kushuka, mwite fundi asafishe kitundu kinachovuta maji ya chumvi, mchanga wa kisima unakiziba, na afunge chujio kabla ya mashine.

Kupima: maji kwenye chupa, kwangua sabuni ya kipande kidogo, tikisa, povu likijaa maji ni laini, likigoma bado ni magumu. Sio sabuni ya maji ya vyombo, hiyo inatoa povu hata kwenye maji magumu. Kama nyumbani kuna mgonjwa wa presha, bomba la kunywa lisipitie kwenye mashine, la bustani pia.

SWALI: Kisima changu Kigamboni kina chumvi, nikifunga hiyo mashine maji yatakuwa matamu?

JIBU: Hapana kaka, na anayekuuzia kwa ahadi hiyo anakula hela yako. Inabadilisha kalsiamu kwa sodiamu, chumvi inabaki palepale. Wewe unahitaji mashine ya RO (inayosukuma maji kwa nguvu kwenye utando unaozuia chumvi), na kabla ya kununua peleka maji maabara kwanza.