Volti na ampea zinatosha kukuonyesha jointi inayoungua

Ukishapima vitu viwili kwenye kifaa cha umeme, yaani volti zinazokifikia na ampea zinazopita, hesabu nyingine zinakuja zenyewe. Gawa volti kwa ampea, unapata ukinzani kwa omu. Zidisha volti kwa ampea, unapata nguvu kwa wati. Kanuni ya ukinzani aliichapisha Georg Ohm, mwalimu wa Ujerumani, mwaka 1827, na sekondari wengi tuliikariri. Ombi langu kwako, hasa kijana uliyetoka chuo juzi na begi la zana begani, ni kwamba uitumie ukiwa umechuchumaa mbele ya soketi ya mteja. Pale ndipo inapookoa nyumba za watu.

Chukua jagi la umeme la kuchemshia maji lililoandikwa wati 2000 kwa volti 230. Wati 2000 ukizigawa kwa 230 ni ampea 8.7, na 230 ukiigawa kwa 8.7 ni omu 26.4 hivi. Ukinzani huo ni wa koili ya jagi, nao haubadiliki sana hata likipata moto. Zinazobadilika ni wati. Jioni ambayo umeme umekuwa mdogo, tuseme volti 180, jagi hilohilo linavuta ampea 6.8 na kutoa wati 1225 tu. Volti zimepungua kwa asilimia 22, nguvu imepungua kwa karibu asilimia 39! Kwa hiyo mteja akikwambia jagi limechoka, pima volti kabla hujamshauri anunue jingine. Wala asidhani kwamba umeme mdogo unamwokolea uniti za LUKU, mita ya umeme wa kulipia kabla: maji yanahitaji joto lilelile, ila sasa yanakawia kuchemka na joto jingi zaidi linapotea hewani.

Lakini ninalolijali kuliko yote ni waya wenyewe. Niliwahi kuitwa kwenye nyumba ambayo soketi ya jikoni ilitoa harufu ya plastiki kila chai ilipochemshwa. Jagi likiwa limezimwa, soketi ilisoma volti 231. Lilipowashwa zikashuka hadi 216, na klampu, kipimo cha ampea kinachobana waya kwa nje, ikasoma ampea 8.2. Volti 15 zimeishia njiani. Zigawe kwa 8.2, unapata omu 1.8; zizidishe kwa 8.2, unapata wati 123 za joto ambalo halikufika kwenye maji.

Zimepotelea wapi? Jagi likiwa bado linachemka nilikwenda kupima soketi iliyotangulia kwenye saketi hiyohiyo: 228. Laini ya nje na nyaya zote za kufika pale zimekula volti 3 tu. Zilizobaki 12 zinaliwa kati ya soketi mbili zilizoachana kama mita tano. Waya wa shaba wa milimita 2.5 za mraba, mita 5 kwenda na 5 kurudi, una ukinzani wa omu 0.07 hivi, kwa ampea 8.2 unapoteza kama nusu volti. Hiyo haiwezi kuwa 12. Basi lazima kuna jointi, yaani mahali nyaya zilipoungwa, na kweli, tulipofungua boksi tukakuta nyaya zimesokotwa kwa mkono na kuviringishiwa tepu ambayo imekwisha kuwa nyeusi na kukakamaa.

Volti 12 mara ampea 8.2 ni wati 98. Pasi ya kulehemu ya mafundi redio, ya wati 40, inayeyusha risasi. Hapa ni zaidi ya mara mbili yake, mahali padogo kama ncha ya kidole, ndani ya ukuta. Breka haikukata wala isingekata, maana yenyewe inaangalia ampea, na jointi mbovu inazipunguza badala ya kuziongeza. Kumbuka pia kwamba ampea zikiwa mara mbili, joto la jointi ileile linakuwa mara nne.

Hesabu hii ina mipaka yake. Balbu ya waya, ukiipima omu ikiwa baridi, inakupa namba ndogo mno kuliko inapowaka, kwa hiyo usiitumie kutafuta wati. Na kwa friji, feni au pampu, volti mara ampea haikupi wati halisi. Mara nyingi wati zinakuwa chini ya hapo.

Unapopima, klampu ibane waya mmoja tu, laini au nyutro. Ukibana kebo nzima itasoma sifuri, kwa kuwa mkondo unaokwenda na unaorudi vinafutana. Multimita ambayo waya wake umechomekwa kwenye tundu la ampea 10 usiipeleke kwenye soketi kamwe: ndani yake karibu hamna ukinzani, ni kugusanisha laini na nyutro. Omu zipimwe umeme ukiwa umezimwa.

Wewe mwenye nyumba usiye fundi, maboksi mwachie fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji Tanzania. Yako ni kusoma maandishi ya vifaa na kushika plagi baada ya kuichomoa: ikiwa ya moto sana, mwite. Eksitensheni ya ampea 10, mara volti 230, inabeba wati 2300. Jagi la 2000 na pasi ya 1000 zisiwashwe pamoja hapo.