Mianya ya Mchezo wa Umeneja wa Soka: Kubalianeni Kabla ya Mechi ya Kwanza

Mtu anayecheza Football Manager, mchezo wa kompyuta wa kuongoza klabu ya soka, peke yake chumbani hana wa kumhoji. Akifungwa na timu ya mkiani anaweza kuuzima mchezo bila kuhifadhi, akarudi kwenye faili la jana na kuirudia mechi ile ile mpaka matokeo yampendeze, na mimi simlaumu, kwa kuwa hakuna aliyedhulumiwa. Ushauri wangu unawahusu wale wanaocheza kama tunavyocheza sisi hapa Mtwara: marafiki kadhaa kwenye kompyuta moja, kila mmoja na klabu yake ndani ya ligi moja, zamu kwa zamu, mpaka minada ya korosho inapoanza na nusu ya mameneja wetu kutawanyika vijijini. Katika mchezo wa namna hiyo, mwanya mmoja, yaani kasoro ya mchezo inayompa mtu faida, ambao haukujadiliwa unatosha kuvunja ligi. Ligi nilizoziona zikivunjika hazikuvunjwa na matapeli. Zilivunjwa na watu waungwana ambao hawakuelewana mapema ni wapi ujanja unakoma na wizi unaanza.

Kipimo ninachokitumia ni kimoja: je, yule unayemtendea angeweza kukuona na kukujibu?

Mfano mzuri ni wa soka la kweli, nao hauna uhusiano wowote na kompyuta. Tarehe 27 Januari 1994, katika mechi ya kufuzu mashindano ya Karibiani, Barbados walihitaji kuwafunga Grenada kwa tofauti ya mabao mawili ili wasonge mbele. Kanuni za mashindano hayo zilisema kwamba bao litakalofungwa katika muda wa nyongeza litamaliza mechi na litahesabiwa kuwa mawili. Barbados wakiwa mbele 2-0, Grenada walirudisha bao moja dakika ya 83. Barbados walipoona muda unakwisha, walijifunga kwa makusudi ili matokeo yawe 2-2 na mechi iende kwenye nyongeza. Grenada waliushtukia mpango huo, wakaanza kutafuta bao kwenye lango lolote lile, kwa sababu hata kama wangejifunga na kushindwa 3-2 wangefuzu, na Barbados wakalazimika kuyalinda malango yote mawili mpaka kipenga kilipolia. Kwenye nyongeza Barbados walifunga, wakavuka. Kanuni ilikuwa ya ovyo, hilo halina ubishi, lakini pande zote mbili zilikuwa zimeisoma, na Grenada walipata nafasi ya kujibu. Kwangu mimi huo ni ujanja halali.

Sasa ilinganishe hali hiyo na klabu inayoendeshwa na kompyuta. Katika toleo tunalochezea, klabu hizo hupenda mno kubadilishana wachezaji: ukimtoa beki wako wa miaka 31 ambaye jina lake bado ni kubwa ilhali miguu imeshachoka, pamoja na kiungo mmoja asiyepata namba, unaweza kuondoka na kijana ambaye thamani yake halisi ni mara kadhaa ya hao wawili. Wasomaji wa Kusini wanaijua biashara ya kangomba, ambapo mlanguzi anamfuata mkulima mwenye shida kabla korosho hazijafika ghalani na kuzichukua kwa bei ya kutupa. Meneja anayezunguka klabu za kompyuta kwa ubadilishanaji wa aina hiyo anafanya kangomba, tofauti ikiwa kwamba mkulima hujua kuwa anapunjwa, ilhali programu haijui chochote na msimu ujao itapunjwa vilevile. Anayeumia, hata hivyo, si programu. Anayeumia ni rafiki yako aliyekaa pembeni akisubiri zamu yake, ambaye ametumia jioni nzima kusoma ripoti za maskauti wake, yaani wasaka vipaji, na kupanga bajeti ya mishahara, na ambaye ubingwa wake umeamuliwa na kosa la programu ambalo hakuwahi kulisikia.

Kona zinahitaji mjadala mrefu zaidi, na hapa ndipo watu hugombana. Kumekuwa na matoleo ambayo ukimweka beki wa kati mrefu kwenye mlingoti wa karibu na kuelekeza kona zote pale, anamaliza msimu akiwa na mabao kama mshambuliaji. Wapo wanaotaka jambo hilo lipigwe marufuku moja kwa moja. Mimi napinga marufuku ya haraka, kwa sababu makocha wa kweli nao hujenga timu kwa mipira iliyokufa, na rafiki yako ana uwezo wa kuweka mtu wake pale pale mlingotini. Fanyeni jaribio pamoja: mmoja ashambulie kwa kona hizo katika mechi za kirafiki, mwingine apange ulinzi kwa kila njia inayoruhusiwa na mchezo. Ulinzi ukileta tofauti, ruhusuni. Mabao yakiendelea kumiminika hata baada ya walinzi kupangwa sawasawa, basi mnacheza dhidi ya kasoro, na mkubaliane kuiacha.

Mengine hayahitaji maneno mengi. Kujiongeza kama meneja wa pili kwenye klabu tajiri, kuwanunua wachezaji wako wabovu kwa mamilioni kisha kujiuzulu, ni wizi. Kuhariri takwimu za wachezaji katikati ya msimu ni wizi. Programu za nje zinazofichua namba zilizofichwa, kama vile kiwango cha juu ambacho mchezaji anaweza kukifikia, nazo nazikataa, maana zinamfanya mwenzako awalipe maskauti bure. Orodha za vijana wenye vipaji zinazosambaa mitandaoni ni suala jingine, kwa kuwa kila mtu anaweza kuzisoma. Tena kiwango hicho, kinachohesabiwa hadi 200, kwa vijana wengi hupangwa upya kwa bahati ndani ya mipaka fulani kila mchezo mpya unapoanzishwa, hivyo nyota wa orodha anaweza kugeuka mchezaji wa kawaida kabisa mikononi mwako.

Sisi huku tuna tatizo la ziada. Ligi Kuu ya Tanzania si miongoni mwa ligi ambazo mchezo huja nazo tayari kuchezwa, kwa hiyo anayetaka kuiongoza Namungo ya Ruangwa au kuirudisha Ndanda kwenye hadhi iliyokuwa nayo pale uwanja wa Nangwanda Sijaona hutegemea mafaili yanayotengenezwa na mashabiki, na shabiki akipewa kalamu huwa hajizuii. Hata watengenezaji wenyewe yaliwakuta: katika Championship Manager, mtangulizi wa mchezo huu, ya msimu wa 2001/02 alikuwemo mshambuliaji wa Ureno aitwaye Tó Madeira, hatari kupita kiasi, ambaye katika maisha halisi hakuwepo. Fungueni faili pamoja kabla ya kuanza, mkague klabu za nyumbani, na mshambuliaji wa daraja la pili mwenye kasi ya 20 kati ya 20 ashushwe mbele ya macho ya wote.

Hata mkikagua kila kitu, mwanya mpya utajitokeza katikati ya msimu. Hapo nashauri mfuate mwenendo wa UEFA, shirikisho la soka la Ulaya. Mwezi Januari 2023 Chelsea walimsajili Mykhailo Mudryk kwa mkataba wa miaka minane na nusu, na gharama ya usajili ikagawanywa kwenye mahesabu ya miaka yote hiyo, hivyo ya kila mwaka ikaonekana ndogo. Mwaka huo huo UEFA waliweka ukomo wa miaka mitano kwa mgawanyo wa namna hiyo, lakini mikataba iliyokwisha kusainiwa hawakuigusa. Mwenzetu mmoja alipogundua njia ya kuwauza wachezaji wasiotakiwa na mtu kwa kuwatangaza tena na tena kwa klabu zote mpaka moja ikubali, wengine walitaka anyang'anywe pointi. Tulimwachia fedha zake, tukaufunga mwanya ule dirisha la usajili lilipofungwa, na yeye mwenyewe ndiye aliyeandika kanuni, maana ndiye aliyeijua njia hiyo vizuri kuliko sisi wote.

Kanuni ya mwisho ni ya umeme, kwa sababu TANESCO haiangalii dakika ya mchezo. Kompyuta ikizimika katikati ya mechi, aliyekuwa anaongoza atadai ushindi na aliyekuwa anafungwa atadai mechi irudiwe. Wekeni mchezo ujihifadhi wenyewe kila wiki ya kalenda yake, mechi iliyokatika ichezwe upya kwa vikosi vile vile na mbinu zile zile za mwanzo, na waya wa kompyuta usiwe karibu na mguu wa meneja yeyote ambaye timu yake iko uwanjani.